Neno Kali Wodini, na Yule Aumiaye

Wako watu wasemao kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Methali hii yafaa kumtuliza mtu aliyetukanwa sokoni, apate kwenda zake bila kugombana. Lakini pana mahali ambapo haifai, napo ni hospitalini. Huko neno kali laweza kuleta madhara makubwa kuliko mfupa uliovunjika. Na ajabu yake ni hii, kwamba mara nyingi aumiaye ni mtu wa tatu, aliyelala kitandani, asiyesikia wala kujua lililosemwa.

Mwezi huu twapenda kulitazama jambo hili pamoja na jamaa za Kikristo na walimu wa Ngara na Biharamulo. Hatutaki kuwashutumu wauguzi, maana twaijua kazi yao na twaiheshimu. Lakini ni nani katika wilaya hizi asiye na habari nao? Wauguzi ni binti zetu, ndugu zetu, na wake zetu. Na wagonjwa ni sisi wenyewe. Yanayotendeka kati ya mtenda kazi na mtenda kazi katika hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge, au katika zahanati ndogo iliyo mbali na barabara kuu, hatimaye yatafika kitandani petu.

Kazi ya kuona na kusema

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya muuguzi ni kupiga sindano, kugawa dawa na kufunga vidonda. Hizo ni kazi za mikono yake, nazo ni za lazima. Lakini iko kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya macho na ya kinywa. Daktari hupita wodini asubuhi, huwatazama wagonjwa, huandika maagizo, kisha huenda kwenye upasuaji au kwa wagonjwa wa nje. Muuguzi hubaki. Ndiye aonaye kwamba mtoto aliyekuwa akilia sasa amenyamaza kupita kiasi. Ndiye ashikaye mkono wa mama aliyejifungua, akaona kwamba umekuwa baridi na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Ndiye atambuaye kwamba mzee aliyelazwa jana kwa homa leo hajui jina la mwanawe. Akisha kuona, sharti aseme. Asiposema, kuona kwake ni bure.

Na kusema huku kuna nyakati zake. Uko wakati wa kupokezana zamu, ambapo anayeondoka humweleza anayeingia habari za kila kitanda. Uko wakati wa usiku, inapompasa kumwamsha tabibu. Uko wakati wa kumwuliza mwenzake, “Je, kipimo hiki cha dawa si kikubwa mno kwa mtoto huyu?” Na uko wakati ulio mgumu kuliko zote, wakati wa kukiri, “Nimekosea, nimempa dawa isiyo yake, nisaidieni upesi.” Katika nyakati hizo zote habari ya mgonjwa hupita katika kinywa cha mtu mmoja hata kufika katika sikio la mwingine. Ni kama daraja la mbao lililo juu ya mto. Ubao mmoja ukiondolewa, daraja huonekana bado liko, lakini apitaye gizani ataanguka.

Basi neno la dharau ndilo liondoalo ubao.

Tuweke mfano, bila kukusudia hospitali yo yote wala mtu ye yote. Msichana aliyemaliza masomo yake mwaka jana amewekwa zamu ya usiku. Saa nane za usiku aona mgonjwa mmoja apumua kwa shida, akaenda kumwamsha tabibu. Tabibu aja, atazama, aona kwamba hakuna hatari, akasema mbele ya wagonjwa na jamaa zao, “Umeniamsha kwa jambo hili? Wewe ulisoma wapi?” Kisha arudi kulala. Msichana yule hakupigwa, wala mshahara wake haukupunguzwa. Wenzake huenda wakacheka kidogo, na asubuhi jambo lote likasahauliwa. Lakini yeye hakusahau. Juma lililofuata, saa zile zile, mama mmoja aliyejifungua jioni aanza kutokwa na damu. Msichana aona, akaingiwa na mashaka. Je, ni damu ya kawaida au imezidi? Akumbuka maneno yale. Asema moyoni, “Na ningoje kidogo.” Mama atokwaye na damu baada ya kujifungua hana kidogo cha kungojea; maisha yake yaweza kukatika katika muda mfupi kuliko ibada ya Jumapili.

Ni nani aliyemdhuru mama huyu? Tabibu atasema kwamba usiku ule hakuitwa, naye asema kweli. Msichana atasema kwamba aliogopa, naye pia asema kweli. Neno lililosemwa juma lililopita halikuandikwa katika daftari lo lote.

Dharau ndogo ndogo

Tusidhani kwamba twasema habari za matusi makubwa na mapigano tu. Hayo huonekana, na wakubwa huyakomesha. Twasema zaidi habari za mambo madogo ambayo hakuna awezaye kuyashitaki: muuguzi mkuu asiyeitika salamu ya mdogo wake, mtu aguaye kwa sauti mwenzake aulizapo swali, wawili wanongonao na kunyamaza ghafula wa tatu aingiapo, daktari amwitaye muuguzi “wewe” kana kwamba hana jina, mpokea zamu atazamaye saa yake huku akielezwa habari za wagonjwa, makosa ya mmoja yanayosimuliwa jikoni hata wapishi wayajue. Katika nchi yetu, ambapo mtu hawezi kumpita mwenzake njiani pasipo kumwuliza habari za nyumbani, kumnyima mtu salamu ni kumwambia kwamba si mtu. Mtu aliyeambiwa hivyo kila siku huanza kujificha. Hufanya aliloagizwa, basi, na lingine alionalo hulifunika.

Jambo lililopimwa

Pengine msomaji atasema, “Haya ni mafundisho ya adabu tu, yawezaje kuthibitika?” Yamethibitika. Mwaka 2015 wataalamu wa Israeli na Marekani walichapisha habari za jaribio walilofanya kwa waganga na wauguzi watunzao watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Walikusanya vikosi 24, kila kikosi daktari na wauguzi, wakawapa kazi ya mfano: mtoto mchanga ambaye hali yake yageuka ghafula kwa ugonjwa wa matumbo. Hakuwa mtoto wa kweli, maana hakuna awezaye kumfanyia jaribio la namna hiyo mtoto aliye hai. Lakini kazi ilikuwa ile ile waifanyayo kila siku.

Vikosi vyote viliambiwa kwamba mtaalamu mgeni anawatazama kutoka mbali. Kwa baadhi yao mgeni huyo alisema maneno ya kawaida. Kwa wengine alitia maneno machache ya kuudharau uganga wa nchi yao. Hakuwatukana wala hakumtaja mtu. Maneno yake yalikuwa mapole kuliko mengi yasikiwayo katika wodi nyingi. Kisha waamuzi, ambao hawakujua ni kikosi kipi kilichosikia dharau, walipima kazi ya kila kikosi.

Vikosi vilivyodharauliwa vilishindwa zaidi kuutambua ugonjwa, na mikono yao ilifanya kazi vibaya zaidi. Na sababu ilionekana: waliacha kupashana habari kama ilivyopasa, wakaacha kuombana msaada. Watu wale walikuwa na elimu ile ile waliyokuwa nayo asubuhi. Vitabu vyao havikupotea vichwani. Kilichopotea ni ule wepesi wa kusema, “Mimi naona hivi, wewe waonaje?” Mtoto yule angekuwa wa kweli, angelipa deni la maneno asiyoyasikia.

Dharau huteremka kama maji

Madhara mengine ni haya, kwamba dharau haikai pale ilipotupwa. Huteremka kama maji ya mvua katika vilima vyetu. Daktari aliyesemwa vibaya na mkubwa wake humsema muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu humsema mdogo wake. Mdogo hana wa kumsema ila mhudumu, au yule mama aliyelala mbele yake akilia kwa uchungu. Mama naye hana wa kumsema. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na hospitalini nyasi ni mgonjwa.

Tunayo habari ya nchi yetu wenyewe juu ya hao walio chini kabisa. Katika mkoa wa Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, akina mama 1,779 waliojifungua katika hospitali na vituo 8 waliulizwa walipokuwa wakitoka kwenda kwao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2014. Katika kila 100, wapatao 19 walisema kwamba walitendewa bila heshima: kukemewa, kudhihakiwa, kuachwa peke yao, hata kupigwa kofi. Kisha 593 kati yao waliulizwa tena huko nyumbani kwao baada ya majuma machache, na sasa waliosema hivyo walikuwa 28 katika kila 100. Labda twaweza kuijua sababu. Mtu aliye bado langoni mwa hospitali husema kidogo. Akifika penye meko yake, akiwa na mtoto wake mkononi, husema kweli yote.

Wala hasemi kwa yule mwulizaji tu. Humwambia dada yake, na jirani, na mkwe. Na yule dada, siku zake zitakapotimia, huenda akakaa nyumbani hata saa ya hatari ipite. Ndivyo neno moja lililosemwa wodini lisafirivyo hata kijiji ambacho msemaji wake hakijui.

Lakini habari ya Tanga haikuishia kwenye huzuni. Wakuu wa afya, wauguzi na wanakijiji waliitwa kukaa pamoja, wakapatana kwa maandishi jinsi mgonjwa atakavyoheshimiwa na jinsi mtenda kazi naye atakavyoheshimiwa. Kazi ile iliitwa Staha. Yakawekwa mapazia ili mama asitazamwe na kila apitaye, na watenda kazi wakajifunza kuonyana wao kwa wao. Walipopima tena, matendo yasiyo ya heshima yalikuwa yamepungua sana. Na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Basi jambo hili si kama mvua au jua, ambalo mwanadamu hana la kufanya.

Kwa nini kwetu ni zito zaidi

Nchi yetu iko njiani pa mataifa. Magari makubwa hupita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo, na watu wa Rwanda, Burundi na Tanzania huchangamana katika masoko yetu. Wazee wakumbuka siku zile za Aprili 1994, ambapo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakakimbia mauti, wakaja kukaa Benaco. Wilaya ya Ngara imejua tangu hapo maana ya wagonjwa kuwa wengi kuliko mikono.

Na juzi tu tumeonywa tena. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia wilaya ya Biharamulo. Walihesabiwa wagonjwa 10: wawili walithibitishwa kwa vipimo vya maabara, na wanane walitambuliwa kwa dalili na habari zao. Wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2023, ugonjwa huo huo ulikuwa umeingia wilaya ya Bukoba. Huko waliugua 9 na kufa 6.

Hatusemi kwamba dharau ndiyo iliyouleta ugonjwa ule, hasha. Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda, navyo hupita kutoka mtu hata mtu kwa damu na majimaji ya mwili. Lakini tazameni jinsi unavyoanza: homa, maumivu ya kichwa, uchovu, kutapika na kuhara. Siku za kwanza huonekana kama malaria, ambayo twaizoea. Tumaini la wodi nzima ni kwamba mtu mmoja atatambua mapema kwamba homa hii si ile ya kila siku, aseme, “Mimi siielewi homa hii, na tuvae glavu, tumtenge mgonjwa, tupeleke habari mbele.” Aghalabu mtu huyo ni muuguzi, na mara nyingi ni mdogo. Siku ile akijibiwa, “Umekuwa daktari wewe?” atanyamaza. Na ugonjwa haungoji hata watu wapatane.

Kwa hiyo twasema kwamba heshima kati ya watenda kazi ni sehemu ya dawa, kama sabuni na maji safi. Hakuna awezaye kuiweka kando akisema kwamba ataitafuta kazi itakapopungua.

Hospitali ya Gahini, mwaka 1931

Jambo hili si geni katika Kanisa la pande hizi. Wengi wa wasomaji wetu wamesikia habari za uamsho uliotoka Rwanda na Uganda, ukafika Katoke mwaka 1939, ukaenea katika nchi yetu. Lakini si wote wajuao kwamba habari moja ya mwanzo wake yatoka hospitalini. Gahini iko katika Rwanda ya mashariki, kando ya ziwa Muhazi, si mbali sana na mpaka wetu wa Rusumo. Huko Daktari Joe Church alikuwa na hospitali ya misioni, na mkuu wa watenda kazi wake Waafrika aliitwa Yosiya Kinuka. Siku zile mambo ya hospitali hayakuwa mema. Watenda kazi hawakupatana, na Kinuka mwenyewe alikuwa amechoka moyoni.

Mwaka 1931 Kinuka alikwenda Uganda kumwona Simeoni Nsibambi, mtu wa sala. Alipoulizwa habari za hospitali alieleza ubaya wake. Angeweza kutazamia kwamba Nsibambi atamhurumia kwa ajili ya wenzake wagumu. Lakini Nsibambi alimwonyesha kwamba ubaya wa hospitali ile watoka katika dhambi iliyo moyoni mwake yeye mwenyewe. Neno lile lilikuwa gumu. Kinuka alilichukua njiani pamoja naye, na katika safari ile ya kurudi alijitoa kwa Kristo. Alipofika Gahini alianza kazi kama mtu mwingine, na badiliko lake likawagusa wenzake. Baadaye alifanywa kasisi, naye ni mmoja wa wale waliouchukua uamsho mbali.

Tujifunze mambo mawili hapa. La kwanza, aliyeanza kubadilika ni mkubwa. Kama Kinuka angalirudi na kuwakusanya wadogo wake ili awakemee kwa kukosa upendo, wodi ingalibaki vile vile. Ikiwa dharau huteremka, na heshima pia huteremka. Sharti ianzie juu. La pili, Nsibambi hakumpiga Kinuka kwa maneno mbele za watu. Alimwambia kweli iliyo chungu, uso kwa uso, naye akairudisha nafsi yake. Basi kweli chungu na dharau ni vitu viwili mbalimbali, wala asiwepo mtu wa kutumia somo hili kuukataa uonyo.

Ukali upasao na ukali usiopasa

Maana wako watakaosema, “Hospitali si mahali pa kubembelezana. Kosa dogo huua. Lazima wadogo wakemewe.” Twakubali nusu ya neno hili. Mgonjwa anapokata roho, daktari atasema kwa sauti na kwa maneno mafupi, “Leta damu! Shika hapa! Upesi!” Hiyo si dharau, wala hakuna muuguzi aliyefundishwa atakayeudhika. Vivyo hivyo aliyekosea kipimo cha dawa sharti aambiwe waziwazi kwamba amekosa, na pengine aondolewe katika kazi ile hata ajifunze tena.

Tofauti ni hii. Uonyo hulishika kosa; dharau humshika mtu. Uonyo husema, “Kipimo hiki si sawa, na tukihesabu tena pamoja.” Dharau husema, “Watu wa kwenu ndivyo mlivyo.” Baada ya uonyo mtu huijua kazi yake zaidi. Baada ya dharau hujua tu jinsi ya kuficha kosa lake lijalo. Naye mkubwa adhaniye kwamba wodi yake haina makosa kwa sababu haletewi habari za makosa, na ajiulize kama si yeye mwenyewe aliyewafunga watu vinywa.

Wala tusisahau mizigo yao. Wauguzi ni wachache, zamu ni ndefu, na mara nyingine dawa hazipo, naye muuguzi ndiye aambiwaye maneno na jamaa za mgonjwa kana kwamba amezila yeye. Mtu aliyechoka hukasirika upesi. Uchovu huu wataka dawa nyingine, nayo ni watenda kazi zaidi na vyombo vya kutosha. Na hayo tuyadai kwa wenye mamlaka bila kuchoka. Lakini wakati wa kungojea hayo, neno jema halinunuliwi.

Yatupasayo

Kwa jamaa za Kikristo. Mnapompeleka mgonjwa hospitali, msalimuni muuguzi kwanza, mjue na jina lake. Msimwite “wewe msichana.” Mchagueni mtu mmoja wa jamaa awe msemaji, ili muuguzi asiulizwe jambo moja na watu sita. Dawa isipokuwapo, ulizeni kwa upole ni nani awezaye kuwasaidia. Msimtukane aliye mbele yenu. Na kama mumemwona akitendewa vema mgonjwa wenu, rudini kushukuru, maana wengi hurudi kulalamika tu.

Kwa nyumba yenye muuguzi. Atokapo zamu ya usiku, mwacheni alale. Mume asimtazamie apike, afue na kuchota maji kana kwamba alilala usiku kucha. Tena mwulizeni, “Kazini wanakutendeaje?” mkamsikilize. Mtu aliye na mahali pa kuweka mzigo wake jioni hataupeleka asubuhi kitandani kwa mgonjwa.

Kwa walimu. Neno hili lawahusu kuliko mdhaniavyo. Muuguzi aogopaye kuuliza kipimo cha dawa hakuanza kuogopa wodini. Alianza darasani, siku ile alipojibu vibaya na mwalimu akawaacha wenzake wamcheke. Mtoto asemaye, “Mwalimu, sijaelewa,” na ashukuriwe mbele ya wote. Mtoto aungamaye kosa lake na asaidiwe kulitengeneza. Hivyo mtakuwa mmetunza mgonjwa ambaye hajazaliwa bado.

Kwa wakubwa wa hospitali na zahanati. Anayewaamsha usiku bila sababu ya kutosha, mshukuruni kwanza, ndipo mmfundishe. Heri kuamshwa mara kumi bure kuliko kutokuamshwa mara moja. Wakati wa kupokezana zamu na uwe wakati wa heshima, pasiwe na kuchekana wala kuharakishana. Mwenye kosa aonywe faraghani, isipokuwa mgonjwa yu hatarini saa ile ile.

Kwa wauguzi wenyewe. Aliyewadharau, mwendeeni siku ile ile peke yake, mmwambie bila hasira neno alilolisema na jinsi lilivyowafanya. Asiposikia, mwambieni msimamizi, tena andikeni. Nchi yetu ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililowekwa kuilinda heshima ya kazi yenu pamoja na usalama wa wagonjwa. Si dhambi kwa Mkristo kupeleka habari pale inapopasa. Wengine hudhani kwamba kusamehe ni kunyamaza. Msameheni aliyewakosa, lakini msilifiche kosa linaloweza kumwua mgonjwa, maana si lenu peke yenu kulisamehe. Na kama ninyi ndio mliosema neno kali, msingoje hata Jumapili. Kinuka alibadilika akiwa bado njiani.

Twawaomba makanisa yote ya Ngara na Biharamulo wawakumbuke wauguzi katika sala za mwezi huu: walio zamu ya usiku, walio peke yao katika zahanati za mbali, wanaoanza kazi na wanaoikaribia pensheni. Tena twawaomba wasomaji, kila mmoja atakapokwenda kumtazama mgonjwa, amsalimu na muuguzi wake kwa jina. Bwana awatie nguvu, aifungue midomo yao kusema yaliyo ya kweli, na kuifunga penye neno la kuumiza.